Kitambaa Kwanza, Jina Baadaye: Uhakiki wa Shati la Mwanamume Mjini Kampala

Mwanafunzi wa Kiswahili hufundishwa kuhakiki tamthilia, riwaya na mashairi. Huulizwa kazi inasema nini na imejengwa vipi. Hayo ndiyo maudhui na fani. Vitu anavyovigusa kila siku, kama kikombe, kiti au nguo, havimo katika mtihani, kwa hiyo huvipokea kama vilivyo. Makala haya yanalihakiki shati la mwanamume. Simaanishi shati jeupe linalovaliwa na tai mahakamani au benki. Namaanisha shati la vifungo la siku ya kawaida: la kwendea darasani, sokoni, kanisani au msikitini, na kazini siku ya Ijumaa ambapo ofisi nyingi hulegeza masharti ya mavazi. Nalitazama likiwa Kampala, kwa sababu shati ni kama neno. Maana yake hutegemea mahali linapotumika.

Dai langu ni fupi. Wanaume wengi wa rika langu huchagua shati kwa mambo matatu: jina la kampuni lililoshonwa ndani ya kola, mng'ao wa kitambaa, na siku hizi sifa ya kuwa nguo ya Kiafrika. Mambo hayo matatu hayatuambii kama shati ni zuri. Yanayotuambia ni kitambaa, pindo, mshono na namna bega linavyokaa.

Huenda msomaji akauliza: jambo dogo kama shati lina uzito gani? Uzito wake ni huu. Mwanafunzi wa ualimu anapokwenda shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, mara nyingi huwa na mashati matatu au manne ya muhula mzima. Darasa zima humtazama tangu asubuhi hadi jioni. Kama shati limelowa jasho saa nne asubuhi, au kola imejaa malengelenge baada ya kufuliwa mara mbili, hufundisha huku akijificha, na pesa alizolipa hazirudi. Tena nyuma ya shati lake kuna watu wengi: mwenye robota la mitumba, fundi cherehani wa barazani, mkulima wa pamba wa Kasese au Lango, na wanasiasa wanaobishana ni nani kati yao alindwe.

Tuanze na hali ya hewa. Kampala iko karibu na ikweta, kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mchana joto hufika nyuzi 27 au 28. Si joto la Mombasa wala la Dar es Salaam, lakini linatosha kumchosha mtu aliyevaa shati lisilopitisha hewa ndani ya teksi ya abiria 14. Kabale, katika milima ya kusini-magharibi, ni habari nyingine. Huko shati zito la asubuhi linaeleweka.

Kanuni nyingi tulizorithi kuhusu shati zilitungwa kwa ajili ya watu wa nchi za baridi. Katika Ulaya ya zamani shati lilikuwa nguo ya ndani. Lilifunikwa na kizibao na koti, na sehemu iliyoonekana ilikuwa kola na ncha za mikono tu. Ndiyo maana shati la aina hiyo lina mikia mirefu iliyopinda mbele na nyuma: mikia hiyo ilikusudiwa kuzama ndani ya suruali, isichomoke mtu anapoinama. Kijana analinunua shati hilo, analiachia nje, mikia inaning'inia hadi mapajani, na shati zuri linaonekana kama gauni la kulalia. Shati lenyewe halina kosa. Limetumwa kazi isiyo yake.

Nchi za joto zilizokaa na swali hili kwa muda mrefu zilipata majibu yao. Guayabera ya Cuba na Mexico ina pindo lililonyooka na mipasuko ubavuni, nayo huvaliwa nje ya suruali hata katika hafla za heshima. Barong Tagalog ya Ufilipino ni nyepesi kiasi cha kuionyesha fulana iliyo chini yake, na bwana harusi huivaa nje bila wasiwasi. Nchini Indonesia shati la batiki lenye mikono mirefu hukubalika katika shughuli rasmi, na mwaka 2009 UNESCO iliiweka batiki ya nchi hiyo katika orodha ya urithi wa binadamu. Hawaii ilianza kuuza shati la aloha katika miaka ya 1930, na katika miaka ya 1960 watengenezaji nguo wa huko waliwahimiza waajiri wawaruhusu wafanyakazi kulivaa siku ya Ijumaa. Desturi ya Ijumaa ya mavazi mepesi, ambayo ofisi za Kampala zinaifuata leo, ina mzizi wake mmoja huko.

Afrika nayo imejaribu. Nelson Mandela, alipokuwa Rais wa Afrika Kusini, alijulikana kwa mashati ya michoro mikubwa, yaliyofungwa hadi kifungo cha juu na kuachwa nje ya suruali. Askofu Mkuu Desmond Tutu alimtania kwa mavazi hayo, na Mandela akamrudishia kwamba ni ajabu kukosolewa na mwanamume anayevaa gauni. Utani kando, tukiyatazama mashati yale kwa jicho la mhakiki tunaona kwamba michoro ilikuwa na fujo lakini ukataji ulikuwa na utulivu: bega limekaa mahali pake, kola imefungwa, pindo limenyooka. Utulivu wa ukataji ndio uliobeba kelele za rangi.

Kwa upande mwingine, Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, alipiga marufuku suti ya Kaunda bungeni, ingawa Rais William Ruto mwenyewe alikuwa akiivaa mara kwa mara. Bunge la nchi inayopitiwa na ikweta likaona kwamba heshima ni koti na tai. Sioni hoja ya hali ya hewa katika uamuzi huo, wala ya historia. Naona mazoea.

Uganda ina mfano wa karibu zaidi. Kanzu ilifika Buganda katika karne ya 19 kupitia wafanyabiashara wa pwani, na leo hakuna sherehe ya kwanjula bila kanzu. Ni pana, ni nyepesi, haichomekewi popote. Ajabu ni kwamba mwanamume yuleyule anayeona kanzu kuwa kilele cha heshima siku ya Jumamosi, siku ya Jumatatu huambiwa kuwa shati lililo nje ya suruali ni uhuni. Tatizo basi si nguo kuwa nje. Tatizo ni nguo iliyoshonwa kwa kuchomekewa kuachwa nje, na hilo hutatuliwa na fundi kwa kupunguza pindo na kulinyoosha.

Sasa tuyahakiki mashati matatu yanayopatikana kwa wingi.

La kwanza ni shati jipya la dukani lenye mng'ao. Limekunjwa ndani ya plastiki, lina pini na karatasi ngumu chini ya kola. Kitambaa chake mara nyingi ni poliesta, au mchanganyiko wenye poliesta nyingi. Maudhui yake ni upya: linatangaza kwamba mvaaji hakuvaa nguo ya mtu mwingine. Fani yake ni dhaifu. Poliesta hainywi jasho, kwa hiyo jasho hubaki mgongoni, na harufu hushika kitambaa hata baada ya kufuliwa. Ndani ya kola kuna kitambaa kigumu kilichobandikwa kwa gundi na moto. Kikiwa cha hali ya chini hubanduka, na pasi haiwezi kukirudisha. Vifungo vimeshikwa kwa nyuzi chache. Hata hivyo shati hili lina sifa ambayo mhakiki mwadilifu lazima aitaje. Halikunjamani, na hukauka upesi. Kwa mtu anayepanga chumba ambacho umeme hukatika mara kwa mara, hiyo si sifa ndogo. Mchanganyiko wenye pamba nyingi na poliesta kidogo unaweza kumfaa kuliko pamba tupu asiyoweza kuipiga pasi.

La pili ni shati la mtumba, ambalo Waganda huliita la mivumba. Soko la St. Balikuddembe, maarufu kwa jina la Owino, limejaa mashati haya. Mengi ni ya pamba tupu. Hapa ndipo kijana mwenye kipato kidogo hukutana na kitambaa kiitwacho Oxford, kizito kidogo, kilichofumwa kama kikapu, na mara nyingi kola yake ina vifungo viwili vidogo kwenye ncha. Kampuni ya Brooks Brothers ya Marekani husimulia kwamba iliiga kola hiyo kwa wachezaji wa polo wa Uingereza, waliozifunga ncha za kola zisiwapige usoni wakiwa juu ya farasi. Kijana wa Wandegeya hapandi farasi, lakini faida anaipata: kola husimama vizuri bila tai na bila koti, jambo ambalo kola nyingi nyepesi hushindwa.

Shati la mtumba limefaulu mtihani ambao shati jipya halijaufanya: limefuliwa. Kama lilikuwa la kunywea, limenywea. Kama rangi ilikuwa ya kuchuja, imechuja. Unachokiona ndicho utakachokaa nacho. Kasoro zake ni nyingine. Mara nyingi limekatwa kwa mwili wa mtu mwenye tumbo pana na mikono mirefu, na kijana mwembamba huelea ndani yake. Tena jina la kola humpofusha mnunuzi. Watu hugombea nembo ya mnyama kifuani na kusahau kuligeuza shati ndani nje.

La tatu ni shati la kitenge lililoshonwa na fundi. Maudhui yake ni utambulisho, na kwa hilo linapendwa. Lakini tunapolisifu kwa Uafrika wake tuwe waangalifu. Mbinu ya kuchapa kitambaa kwa nta ilitokana na batiki ya Java, ikaigwa na viwanda vya Uholanzi katika karne ya 19, ikapata soko kubwa Afrika Magharibi. Kampuni ya Vlisco, iliyoanzishwa mjini Helmond mwaka 1846, ingali inafanya kazi hiyo. Leo vitenge vingi vinavyouzwa katika masoko yetu huchapwa China na India. Hilo halikifanyi kitenge kuwa cha wageni. Wanaokivaa, wanaokipa majina na wanaokishona ndio waliokifanya chao, kama Kiswahili kilivyoyafanya maneno ya Kiarabu kuwa yake. Linalofuata ni kwamba asili peke yake haiwezi kuwa kipimo cha ubora wa shati.

Kasoro kubwa ya shati la kitenge ni ukataji. Kitenge kinapendeza kikizungushwa mwilini kikiwa kizima. Michoro yake ni mikubwa na inahitaji nafasi. Fundi mwenye haraka, ili abane kitambaa, hukata bila kupanga. Ua hukatwa kichwa kwenye mstari wa vifungo, mfuko hukaa kifuani kama kiraka, na upande wa kushoto hausemi na wa kulia. Fundi mzuri huanza na sehemu ya mbele, akahakikisha mchoro unavuka mstari wa vifungo bila kuvunjika na mfuko unapotelea ndani ya kifua. Kazi hiyo hula kitambaa zaidi. Mteja anayemnyima fundi nusu yadi asilalamikie ua lililokatwa kichwa. Na kabla ya yote hayo kitenge kilowekwe na kukaushwa, kwa sababu pamba isiyofuliwa hunywea baada ya kushonwa, na shati lililokaa vizuri siku ya kwanza hubana kwapani mwezi wa pili.

Mnunuzi afanye nini basi? Napendekeza vipimo vitano, ambavyo havihitaji pesa wala elimu ya ushonaji.

Kwanza, kitambaa. Kikamate kwa ngumi, hesabu hadi kumi, kisha kiachie. Pamba hubaki na mikunjo. Poliesta hurudi kama haikuguswa. Ukipata uzi uliochomoza kwenye mshono wa ndani, uchome: uzi wa pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, wa poliesta huyeyuka na kuwa tone gumu. Uzi wa kushonea si lazima ufanane na kitambaa, kwa hiyo uzi utoke kwenye kitambaa chenyewe.

Pili, bega. Mshono wa bega uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Fundi anaweza kupunguza ubavu, mikono na pindo kwa muda mfupi na kwa malipo madogo, lakini kurekebisha bega ni kulifumua shati lote. Mtu achague shati kwa bega, mengine yatafuata.

Tatu, kola. Funga kifungo cha juu hata kama hukusudii kukifunga barabarani. Vidole viwili viingie bila kusukuma. Kisha kifungue utazame kama kola inasimama au inalala kama jani lililonyauka.

Nne, mshono. Geuza shati ndani nje. Mshono wa ubavuni uliokunjwa na kushonwa mara mbili, bila ncha za nyuzi zinazoning'inia, ni dalili ya mtu aliyetaka shati lidumu. Kwa mtumba, tazama pia kwapani, ndani ya kola na ncha za mikono. Kola iliyochakaa kwa juu si sababu ya kulikataa shati. Fundi hodari huifumua, akaigeuza, upande usiochakaa ukaja nje.

Tano, pindo. Amua kabla ya kulipa kama shati litachomekewa au litakaa nje. La kuchomekewa liwe refu, lisichomoke mtu akiinua mkono kuandika ubaoni. La kukaa nje linyooke na liishie karibu na katikati ya zipu ya suruali.

Kipimo cha sita, kwa anayependa hesabu, ni bei kwa kila siku ya kulivaa. Tuseme shati jipya la kung'aa linauzwa shilingi 30,000, linavaliwa mara moja kwa wiki, na linaharibika baada ya miezi sita, yaani baada ya kuvaliwa mara 26. Kila siku limegharimu kama shilingi 1,150. Tuseme shati la kitenge linagharimu 50,000 pamoja na fundi, na linadumu miaka miwili, yaani mara 104. Hapo kila siku ni kama shilingi 480. Tuseme mtumba ni 12,000, fundi akalipwa 5,000 kuurekebisha, ukadumu mwaka mmoja. Hiyo ni kama shilingi 330 kwa siku. Bei hizi ni za mfano. Kila msomaji aweke zake. Funzo ni kwamba shati lenye bei ya chini na shati la gharama ndogo si lazima liwe moja.

Hapo tunafika kwenye siasa, kwa kuwa hesabu hii ndiyo inayowashinda watunga sera. Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa uingizaji wa mitumba katika kipindi cha miaka mitatu ili viwanda vya nguo viinuke. Rwanda ilipandisha kodi kutoka senti 20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Marekani ilipotishia kuziondolea nchi hizi nafuu ya ushuru chini ya mpango wa AGOA, Kenya, Tanzania na Uganda zilirudi nyuma. Rwanda haikurudi, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishiwa nafuu hiyo. Agosti 2023 Rais Yoweri Museveni alitangaza kwamba mitumba itapigwa marufuku Uganda, akisema ni nguo za watu waliokufa.

Hoja ya viwanda ina nguvu. Uganda inalima pamba, na sehemu kubwa huuzwa nje kabla haijawa kitambaa. Katika miaka ya 1950, umeme wa bwawa la Owen Falls ulipoanza kutoka Jinja, mji huo ulijengewa kiwanda cha nguo kilichojulikana nchi nzima. Mtu anayetaka siku hizo zirudi simcheki. Ninachokikosoa ni lugha ya nguo za wafu. Lugha hiyo inamfanya mwalimu aliyevaa shati safi la pamba aone haya mbele ya mtu aliyevaa poliesta mpya inayotoka mbali vilevile. Aibu haifumi kitambaa. Mtumba ukiondoka leo, nafasi yake kwa sehemu kubwa itachukuliwa na shati la kwanza, lile la kung'aa, na mkulima wa Kasese hatauza hata gunia moja zaidi kwa sababu hiyo.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Shati la Uganda litajiuza siku ambayo litavuka vipimo vile vile vitano kwa bei ambayo mwalimu wa mazoezi anaweza kulipa. Njia ya kufika huko, kwa maoni yangu, inapita kwa fundi wa barazani kabla ya kufika kiwandani, kwa sababu yeye tayari ana mteja, ana cherehani, na anajua miili yetu. Anachokosa ni kitambaa chepesi cha pamba cha rangi moja kilichofumwa karibu, na mteja anayejua kumwambia: bega liishie hapa, pindo linyooke, ua lisikatwe.

Kitambaa hicho ni kazi ya serikali na wenye mitaji. Mteja anayejua ni kazi yetu. Kila kijana anayegeuza shati ndani nje kabla ya kulipa, na kila anayemrudishia fundi shati lenye mfuko uliopinda badala ya kunyamaza na kulivaa hivyo hivyo, anapandisha kiwango cha shati litakaloshonwa kesho.